Jembe la Mgeni

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, kwanza mpokee mtu, mpe maji na mahali pa kulala, ndipo kazi ifuate. Siku hizi nchi nyingi za mbali zimeligeuza neno hilo. Mgeni akibisha hodi huulizwa papo hapo mlangoni: jembe lako liko wapi? Akilionyesha, nalo likiwa la namna inayotafutwa, hufunguliwa. Asipokuwa nalo hubaki nje. Na mara nyingine jembe huingia ndani, mwenye jembe akabaki nusu nje.

Ndugu wasomaji, naandika haya kwa sababu ya swali nililoulizwa hapa Sanga. Jumapili moja baada ya Misa muuguzi mmoja, binti wa miaka ishirini na saba, aliningoja chini ya mwembe mpaka nilipomaliza kufundisha wakatekumeni. Akaniambia: "Mwalimu, nina neno." Alisoma akapata diploma, naye amefanya kazi miaka minne katika kituo cha afya upande huu wa Kamina. Mshahara huja miezi mingine, na miezi mingine hauji. Rafiki yake aliye ng'ambo amemwandikia kwamba wauguzi wanatafutwa huko, na karatasi zinapatikana. "Basi, Mwalimu, nikiwaacha wagonjwa wangu nikaenda, je, ni dhambi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe majuma mawili. Nilidhani jibu ni jepesi, tena nilikuwa nalo tayari mdomoni, lile ambalo sisi walimu tunalipenda: kaa, uwatumikie watu wako. Lakini nilipolitazama vizuri niliona kwamba ni jibu la mtu ambaye hakuna anayemtaka kwingine.

Kwanza nilitaka kuijua njia yenyewe. Kanada, tangu mwaka 2015, huwahesabia alama wanaotaka kuingia kwa kazi zao: alama za masomo, za miaka ya kazi, za lugha, za umri. Kijana wa miaka 20 hadi 29 hupata alama nyingi za umri kuliko wote. Aliyefika miaka 45 hapati hata moja. Ajuaye Kifaransa vizuri huongezewa, hata Kifaransa kile tulichoingiziwa kwa fimbo darasani. Ujerumani ilianza mwezi wa Juni 2024 kutoa kibali kwa mtu aliyefikisha alama sita, apate mwaka mmoja wa kutafuta kazi huko, mradi aonyeshe kwamba ana fedha za kujilisha. Afrika ya Kusini nayo imeanza kuhesabu alama tangu Oktoba 2024. Uingereza humtaka mgeni awe kwanza na mwajiri aliyekubaliwa na serikali, naye mwajiri amtolee hati ya kumdhamini.

Tena kuna jambo ambalo vijana wetu wengi hawaambiwi: ruhusa ya kuingia nchini si ruhusa ya kufanya kazi uliyosomea. Muuguzi wetu akifika Quebec na karatasi zote mkononi, bado chama cha wauguzi cha huko kitaichunguza diploma yake, na chaweza kumtaka asome tena na kufanya mtihani. Wako watu wenye diploma nzuri za kwetu wanaoendesha teksi katika miji ya ng'ambo.

Nilipokuwa nikisoma habari za alama hizo nilikumbuka hadithi za wazee juu ya mzani wa pamba. Tangu mwaka 1917 serikali ya Kibelgiji ilivilazimisha vijiji vingi vya Kongo kulima pamba. Siku ya soko mtu alileta kikapu chake, karani akatazama mzani, akasema uzito. Hakuna aliyeuliza kama mke wa mkulima amejifungua, au kama shamba lake la mihogo limeachwa majani yakalifunika. Mzani haujui mambo hayo. Sisemi kwamba nchi ikiwapima wageni inafanya uovu. Kila mwenye nyumba ana haki ya kujua nani anaingia, hata sisi: sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mgeni awe na kadi ya kazi, nayo tume ya taifa huamua kama apewe. Na kupima watu kwa ufundi wao kuna haki zaidi kuliko kuwapima kwa rangi au kwa ujamaa na wakubwa. Ninalouliza ni hili: baada ya kupima, je, mwenye mzani anakumbuka kwamba aliyesimama juu yake ni mtu?

Hapo ndipo niliposhikwa na mambo mawili ya nchi yetu yenyewe.

La kwanza ni la mwaka 1960. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni, hapakuwa na Mkongo aliyekwisha kuwa daktari kamili. Walikuwapo wasaidizi wa madaktari, watu hodari, lakini mlango wa udaktari ulikuwa umefungwa mbele yao. Baada ya majuma machache, ghasia zilipoanza, madaktari na walimu wengi wa Kibelgiji walikimbia. Nani aliwaponya wagonjwa? Nani aliwafundisha watoto? Umoja wa Mataifa ulitafuta watu huku na huku, na mamia ya Wahaiti wakaja: walimu, madaktari, mafundi, watu weusi kama sisi wanaosema Kifaransa. Wazee wetu waliosoma sekondari miaka ile wanawakumbuka.

Lakini Wahaiti hao walitoka wapi? Walitoka katika nchi maskini, chini ya François Duvalier, aliyetawala kwa ukali tangu 1957 hadi alipokufa mwaka 1971. Walikuwa na sababu za kuondoka. Hata hivyo kila mwalimu aliyesimama mbele ya darasa letu alikuwa ameliacha darasa la Haiti, na kila daktari aliyemtibu mama wa Kongo hakuwako tena kwa mama wa Haiti. Sisi tulifurahi, tukamshukuru Mungu. Sikumbuki kusikia mtu yeyote hapa akisema kwamba Wahaiti wale walitenda dhambi. Basi, kama mkate wa jirani tuliula kwa shukrani, tutasemaje leo kwamba ni wizi mkate wetu ukienda mezani kwa mwingine?

Jambo la pili ni chungu zaidi, nalo lilipita hapa hapa Kamina. Reli ya B.C.K. kutoka Bukama hadi Ilebo, ambao zamani uliitwa Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928. Kampuni ya reli na kampuni ya migodi ziliwaita watu wengi wa Kasai waje Katanga kufanya kazi: makarani, mafundi, waendesha magari ya moshi. Waliitwa kwa ajili ya mikono yao na kalamu zao. Wakakaa, wakaoa, wakabatiza watoto, wakazika wazee wao hapa. Kisha mwaka 1992 na 1993, nchi ikiitwa bado Zaire, wakaambiwa: hapa si kwenu. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Wengi walikaa miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja gari la moshi, bila maji ya kutosha, na wengi wakafa, hasa watoto. Magari yaliyowachukua yalipita Kamina, juu ya reli ambayo babu zao waliitwa kuitunza. Nao hawakuwa wageni kutoka nchi nyingine. Walikuwa raia wenzetu, Wakristo wenzetu, waliopiga magoti nasi kanisani. Reli yenyewe ilipoteza mafundi wengi. Lakini tusihuzunike kwanza kwa ajili ya reli.

Naikumbuka habari hiyo si kwa kufungua kidonda. Naikumbuka kwa sababu inaonyesha mwisho wa njia ambayo mtu hupokewa kwa ajili ya jembe lake tu. Siku jembe lisipotakiwa tena, au mwingine akilitamani, mwenye jembe anakuwa mzigo. Tazameni Uingereza. Mwezi wa Februari 2022 iliwafungulia mlango watunzaji wa wazee na wagonjwa kutoka nchi za nje, kwa kuwa watu wake walikuwa wachache katika kazi hiyo. Watu wengi wa Afrika wakaenda. Wengine wakauza mashamba ili kuwalipa madalali, ingawa mwajiri haruhusiwi kuuza hati ya udhamini. Tarehe 11 Machi 2024 ikasemwa kwamba watakaoomba tangu siku hiyo hawaruhusiwi kuja na mke, mume wala watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango ukafungwa kwa watunzaji wapya kutoka nje. Na mfanyakazi ambaye mwajiri wake ananyang'anywa ruhusa hupewa kwa kawaida siku 60 atafute mwajiri mwingine, la sivyo aondoke. Mtu wa namna hiyo atathubutuje kulalamika bwana wake akimpunja?

Mimi naona kwamba sharti lile la kuacha watoto ndilo baya kuliko yote. Kumwambia mwanamke, njoo umwoshe mama yetu mzee, umlishe, umshike mkono usiku, lakini mtoto wako mwache kwenu, huko ni kununua upendo wa mtu na kumkataza kuutumia nyumbani kwake.

Kanisa halijanyamaza katika shauri hili. Baba Mtakatifu Yohane wa Ishirini na Tatu, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani, aliihesabu haki ya kwenda kukaa nchi nyingine, ikiwako sababu ya haki, kuwa miongoni mwa haki za binadamu. Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1981, alikubali haki hiyo, akasema pia kwamba nchi inayoachwa inapata hasara, na kwamba mgeni asifanywe mtu wa chini kazini. Naye Fransisko, mwaka 2023, alikaza kwamba mtu awe huru kuchagua kwenda au kubaki. Neno hilo la kubaki limenikaa moyoni. Maana uhuru wa kubaki unahitaji mshahara.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa kanuni mwaka 2010 kwamba nchi tajiri zisiende kuwawinda wauguzi na madaktari katika nchi zilizo na upungufu mkubwa. Katika orodha yake ya mwaka 2023 kuna nchi 55, na Kongo yetu imo. Kanuni hiyo inamkataza mwindaji, haimfungi mwenye kutembea. Muuguzi akiomba mwenyewe, hakuna anayemzuia.

Baada ya majuma mawili alirudi. Nilimwambia: "Dada, si dhambi. Mtu anayefanya kazi miaka minne, na miezi mingi bila malipo, si yeye wa kwanza aliyewaacha wagonjwa. Waliopaswa kukulipa waliwaacha kabla yako." Aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa analia. Nikamwambia pia kwamba deni lake kwa watu wa hapa lipo, maana walimsomesha kwa michango, na kuku za mjomba wake ziliuzwa. Deni hilo halifutwi na bahari, na halilipwi kwa fedha peke yake. Nikamsihi asimpe dalali hata franka moja, na asitie sahihi karatasi inayomfunga kwa bwana mmoja kabla ya kuuliza kama bwana akianguka yeye atasimama wapi. Na kama atakuwa na watoto, aulize juu yao kwanza, kabla ya mshahara.

Alifuta macho, akaniuliza: "Na wewe, Mwalimu, ungekwenda?"

Nilimwambia nimezitafuta orodha zote, katekista hayumo. Alicheka, nami nikacheka, lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani niliona kwamba sikumjibu.

Diploma yake ameipeleka Kamina kupigwa mihuri, na majibu hayajaja. Siku hizi, jioni, anawafundisha wasichana wawili wa kijiji namna ya kuandika daftari la akina mama wajawazito na kupima damu inavyokwenda. Jana asubuhi nilimwona anapita na baiskeli yake kwenda kituoni, mvua inanyesha.