JE, NYUSO ZILIZOMO KWENYE DISKI NI ZA NANI?



Mwenye deki siku hizi anaonekana mtu wa zamani. Vijana wana simu, na nyimbo zao zote zimo kwenye kadi ndogo kama ukucha. Lakini harusi za mwaka 2003 hazimo kwenye simu. Zimo kwenye diski, na diski zimelala miaka mingi sandukuni chini ya kitanda bila chombo cha kuzisoma. Ndiyo maana familia ikipata deki mpya, hata kabla haijaunganishwa vizuri na betri ya sola, majirani wamekwisha jaa mlangoni, kila mmoja na diski yake mkononi.

Muziki hauna shida kubwa. Kelele za usiku tunazijua, na dawa yake ni kupunguza sauti. Ninalotaka tulitafakari ni jambo la picha za watu wetu. Tukiweka diski ya harusi iliyofungwa hapa Nyarugusu miaka ishirini iliyopita, tunamwona nani? Tunawaona waliopanda meli kurudi Baraka mwaka 2005, wengine hatukupata habari zao tena. Tunawaona waliopelekwa Marekani. Tunawaona walio makaburini. Wote wanacheza, wanakula wali, wanapunga mkono mbele ya kamera.

Sasa tuseme mzee mmoja anasema: hiyo msiiweke, mke wangu yumo, nami nikimwona silali siku tatu. Binti yake naye anasema: baba, naomba iwekwe, mimi sina picha nyingine ya mama, alifariki nikiwa ninanyonya, sijui hata alikuwa anachekaje. Je, asikilizwe nani?

Wengi hujibu haraka kwamba diski ni ya mwenye harusi, kwa kuwa ndiye aliyemlipa mpiga picha. Mimi sikubali. Alilipia kazi, hakununua nyuso. Mama yule alikuja kama mgeni, akacheza mbele ya watu waliomjua. Hakuna aliyemwuliza kama anapenda kutazamwa baada ya miaka ishirini na watoto wasiomjua, wanaocheka mavazi ya wakati ule.

Wengine husema kuwatazama wafu kunafanana na kuwaita. Hapa twende polepole. Musa alipotoka Misri aliibeba mifupa ya Yusufu, kwa sababu Yusufu alikuwa amewaapisha wana wa Israeli. Watu waliokuwa safarini walimbeba mfu wao jangwani miaka yote ile, na Maandiko hayawalaumu. Lakini ile nyoka ya shaba, aliyoitengeneza Musa huyohuyo kwa amri ya Mungu, mfalme Hezekia aliivunja, maana watu walikuwa wanaifukizia uvumba. Basi ndugu yangu, tazama diski inakufanyia nini. Baba anayeiweka mara moja kwa mwaka na kuwaambia watoto huyu ni shangazi yenu, huyu alikuwa fundi baiskeli, huyo anabeba mifupa ya Yusufu. Anayeitazama kila usiku mpaka betri iishe, naye hasemi neno na walio hai nyumbani mwake, tumwendee. Si kumnyang'anya deki, ila kukaa naye.

Tena kuna jambo hili. Wengi tunaijua kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali, walioimba Kwetu Pazuri. Mwaka 2011 baadhi ya waimbaji wake walifariki katika ajali ya gari. Bado tunawatazama wakiimba, wala hakuna anayesema ni vibaya. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu waliimba wakijua kwamba watatazamwa na watu wasiowajua. Mgeni wa harusi hakujua. Kwangu tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya nyimbo za dini na muziki wa dunia, ambayo ndiyo tunayobishania kila siku.

Kwa hiyo, kati ya mzee na binti, mimi ningempa binti. Baba anamkumbuka mke wake hata bila diski, lakini mtoto hana kitu. Ila mzee aambiwe siku moja kabla, apate nafasi ya kwenda kwa rafiki yake jioni hiyo. Na iwe familia peke yao, mlango umefungwa. Sinema ya kawaida, mwenye deki akiomba shilingi 200 za kuchajia betri, si neno. Kwa picha ya marehemu wa jirani, kutoza kiingilio ni aibu.

Wala tusikawie. Diski zilizochomwa mitaani zina rangi ndani yake inayoshika picha, na joto na jua huiharibu pole pole. Nyingine zimeanza kukwama katikati ya ngoma. Mwenye kompyuta awasaidie wenzake kunakili, lakini asitume nakala kwa ndugu walio mbali kabla ya kuwauliza wenye marehemu, kwani ikishaingia kwenye simu hairudi. Pia waketini wazee mbele ya picha, mwandike majina. Katika diski moja niliyoitazama mwaka huu, wanawake sita wanapita na sufuria za chakula vichwani. Wawili tuliwatambua.