Kahawa Iliyokufa Mara Mbili

Trakeomikozi ya kahawa huanza upande mmoja wa mti. Majani yanajikunja, yanakuwa manjano, kisha kahawia, halafu yanapukutika. Tawi linabaki tupu, na matunda yake yanaiva kabla ya siku zake bila kuanguka. Upande wa pili bado ni kijani kibichi, na hapo ndipo mkulima anapodanganyika: anasema ni jua kali, anasema udongo umechoka, mvua ikirudi mti utapona. Lakini akikwangua gome karibu na ardhi, atakuta ndani kuna michirizi ya samawati inayoelekea weusi. Chanzo ni kuvu inayoingia kupitia jeraha, mara nyingi la jembe au panga, ikaziba mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini. Mti ukishaonyesha dalili hizo haufufuki, na hakuna dawa ya kuutibu.

Hapa kwetu mashariki mwa Kongo, kuanzia Beni hadi Butembo, wengi wanauhesabu ugonjwa huu kuwa msiba wa miaka ya 1980 na 1990, enzi ambayo robusta ya Beni iliteketea na familia nyingi zikageukia kakao. Wanausimulia kana kwamba ulikuwa mgeni aliyetokea ghafla. Ukweli ni mchungu zaidi. Ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuja, ukapimwa, ukajibiwa na kushindwa, kisha ukaachiwa mlango wa kurudi. Vijana wetu wanaosomea kilimo, na kila mzazi anayepanda chochote leo, wanapaswa kukijua kisa hiki, kwa sababu tunaweza kukirudia kwa mazao mengine.

Kuvu hiyo ilionekana mara ya kwanza mwaka 1927, katika nchi iliyoitwa Oubangui-Chari, ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika miaka iliyofuata ikasambaa Afrika ya kati na magharibi, na Kongo nayo ikaguswa. Wakati huo kulikuwa na INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933, yenye kituo chake kikuu Yangambi, kando ya mto Kongo. Jibu lililopatikana lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, miti yote migonjwa iling'olewa na kuchomwa mahali ilipokuwa, eneo kwa eneo. Pili, watafiti walichagua robusta zilizostahimili, wakazipanda katika majaribio, wakazifuata mwaka baada ya mwaka, kisha wakatoa mbegu na vipandikizi vya zile zilizobaki hai. Kufika mwisho wa miaka ya 1950 ugonjwa ulikuwa umenyamaza, na watu wakaamini umekwisha.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na halikuwa kosa la mtu mmoja. Baada ya uhuru, vurugu za miaka ya 1960 zilivunja kazi ya vituo. Taasisi mpya, INERA, ilizaliwa mwaka 1970 kuchukua nafasi ya INEAC, lakini ilirithi nchi kubwa na mfuko mwembamba. Mwaka 1973, kwa siasa ya uzairianishaji, mashamba makubwa ya wageni yalipewa wamiliki wapya, na mengi yakaota vichaka. Shamba mama, yaani lile linalotunzwa ili litoe vipandikizi vya kuaminika, halipigi kelele likisahaulika. Linaingiwa na majani, vibao vya majina ya aina vinaoza, na mtu akija kukata vipandikizi hajui tena anakata aina gani. Shina gonjwa halichomwi tena kwa sababu hakuna anayepita kukagua. Bandu bandu huisha gogo. Katika miaka ya 1970 ugonjwa ukaonekana tena upande wa Isiro, kaskazini-mashariki mwa nchi, ukashuka taratibu kuelekea kusini na mashariki, ukafika Beni. Mwaka 1993 ulithibitishwa Uganda, katika wilaya zilizo jirani na mpaka wetu, na miaka michache baadaye ukafika Kagera, Tanzania.

Tazameni pia mkono wetu wenyewe ulivyosaidia. Mti wa kahawa uliokauka ni kuni nzuri. Mama anaung'oa, anauburuta katikati ya safu za miti mizima hadi nyumbani, mwingine anafunga mzigo na kuupeleka sokoni. Katika nyufa za gome la shina lile kuvu imetengeneza vinundu vidogo vyeusi vilivyojaa mbegu zake, na kila mahali mzigo unapopita, mbegu hizo zinadondoka. Palizi nayo inafanywa kwa jembe moja kutoka mti mgonjwa hadi mti mzima. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila maarifa ya kuchoma papo hapo, ambayo babu zetu waliyafuata kwa amri, hayakurithishwa kama maarifa. Yalikumbukwa kama usumbufu wa wakoloni, na amri ilipoondoka yakaondoka nayo.

Wapo waliotumia akili na bado wakashindwa, nao wana funzo kubwa kuliko wote. Mkulima anaona miti mia imekufa na mmoja umesimama. Anafikiri, na ni fikra nzuri, kwamba huu una nguvu. Anachuma matunda yake, anaotesha miche, anapanda shamba jipya. Baada ya miaka michache, miche mingi inakauka kama ile miti mia. Sababu ni kwamba robusta haijichavushi yenyewe: kila punje ni mtoto wa mama yule na baba asiyejulikana, pengine mti dhaifu wa ng'ambo ya barabara. Nguvu ya mama haimfikii kila mtoto. Mti wenye nguvu unazalishwa kwa kipandikizi, ambacho ni mwili wake wenyewe. Zaidi ya hapo, kusimama si ushahidi. Huenda mti ule haukuwahi kujeruhiwa na jembe, au kuvu haikuufikia. Ndiyo maana jaribio la kweli haliishii kwenye kutazama.

Ugonjwa ulipoinyang'anya Uganda sehemu kubwa ya robusta yake, watafiti wa kituo cha kahawa cha Kituza, wilaya ya Mukono, walirudi kwenye kazi ile ile ya Yangambi. Walikusanya vipandikizi kutoka miti iliyobaki hai kwenye mashamba yaliyoteketea. Katika kitalu nyumba, ambako joto na unyevu vinaweza kushikwa mkononi, miche iliambukizwa kwa makusudi, mingine ikaachwa bila kuambukizwa ili pawe na cha kulinganisha. Kitalu nyumba kinatoa jibu kwa miezi, lakini jibu lake ni nusu: kinasema mche huu umestahimili kuvu, hakisemi utazaa kiasi gani, utavumilia kiangazi vipi, wala kikombe chake kitakuwa na ladha gani. Kwa hiyo miche iliyostahimili ilipelekwa shambani, kwenye ardhi ambayo kahawa ilikuwa imefia, ikafuatwa msimu hadi msimu. Ilichukua miaka mingi kupata aina saba za kwanza, KR1 hadi KR7, na baadaye zikaongezwa nyingine. Miaka hiyo yote ilikuwa bei ya kurudia kazi ambayo Afrika ya kati ilikwisha kuifanya.

Sasa tutazame migomba yetu, maana hapo kisa hiki hakijafungwa. Mnyauko wa bakteria ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huo huo ukaonekana Masisi, hapa Kivu ya Kaskazini. Profesa Ndungo Vigheri wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, alikuwa miongoni mwa waliouripoti rasmi katika Kongo. Ushauri wa mwanzo ulikuwa kung'oa shina lote pamoja na watoto wake, kazi inayovunja mgongo na kumwacha mkulima na shimo tupu. Watafiti wa Butembo pamoja na wa shirika la utafiti la Bioversity wakajaribu njia nyingine katika Kivu zote mbili: kukata mgomba mmoja tu ulio mgonjwa, usawa wa ardhi, kuunguza panga kwenye moto kabla ya kugusa mwingine, na kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Ilifanikiwa. Migomba migonjwa ilipungua mwezi hadi mwezi, hadi ikawa michache sana.

Lakini someni vizuri namna ilivyofanikiwa. Katika miezi ya mwanzo migomba migonjwa mipya inaendelea kutokea, kwa sababu bakteria walikuwa wamejificha ndani ya migomba iliyoonekana mizima. Asiyejua hilo anasema njia imeshindwa, anaiacha. Baadaye kunakuwa kimya, na mwingine anasema njia imeshinda, anaiacha vilevile. Wote wawili wanapoteza shamba. Na anayechukua mtoto wa mgomba kwa jirani kwa kuwa shamba la jirani linapendeza anaweza kubeba ugonjwa usio na dalili.

Kuna jambo la pili ambalo milima yetu inatufundisha. Beni iko kwenye takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Butembo inakaribia 1,800, na kati yake ni kilomita zisizozidi sitini za barabara. Chini, wadudu wanaotembelea maua hubeba bakteria. Juu ya takriban mita 1,700 njia hiyo inafifia, na kisu kinabaki kuwa mkosaji mkuu. Watafiti wa Butembo walipotaka kujua ndizi za kupika zinavyokua kwetu, hawakupanda sehemu moja. Walipanda Mavivi, Maboya, Butembo na Ndihira, kutoka karibu mita 1,000 hadi zaidi ya 2,100, wakafuata mizunguko minne ya mavuno. Mgomba ule ule uliozaa upesi Mavivi ulichelewa sana kila ulipopandishwa juu. Aliyeona jibu la Mavivi peke yake angempa mkulima wa Ndihira ahadi ya uongo bila kujua kwamba anadanganya.

Najua mtu ataniambia: unatutaka tufuate misimu minne, na sisi tangu Oktoba 2014 tunakimbia mauaji, mashamba ya Beni tumeyaacha, Ebola nayo ikaja mwaka 2018. Ni kweli, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu aliyeokoa watoto wake akaacha migomba. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hatuwezi kutegemea kituo kimoja wala shamba mama moja. Aina nzuri ikitunzwa mahali pamoja, siku ya kukimbia inapotea yote. Ikitunzwa na koperative tatu, shule ya kilimo na parokia mbili, sehemu mbalimbali za mlima, itabaki mahali fulani. Wazee wa Yangambi walikuwa na taasisi yenye nguvu, na ilipoanguka kila kitu kilianguka nayo. Sisi tusio na taasisi kama hiyo tunalazimika kusambaza kazi mikononi mwa wengi.

Basi, wewe unayelima, usiamini shamba la msimu mmoja, liwe zuri au baya. Unapojaribu mbegu mpya ya maharagwe, acha mistari michache ya mbegu yako ya zamani pembeni, kwenye udongo ule ule, kisha rudia msimu unaofuata kabla ya kugeuza shamba lote. Mti mgonjwa uchomwe ulipofia, usiwe kuni. Kakao iliyotuokoa baada ya kahawa isipandwe kutoka tunda la mti mmoja ulioonekana mzuri njiani, maana nayo mbegu zake hazifanani na mama.

Nanyi mnaofanya utafiti, chuoni na kwenye miradi, tumezoea sherehe ya kutangaza matokeo: mkutano, picha, ripoti, gari linaondoka. Kahawa ya Beni haikufa kwa kukosa jibu. Jibu lilikuwapo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ilikufa kwa sababu hapakuwa na mtu aliyepewa kazi, jina na mshahara wa kulitunza baada ya ushindi. Kila mradi utakaoanza kwenye milima hii uulizwe swali hilo siku ya kwanza, mbele ya wakulima: mkishamaliza, nani atapalilia shamba mama, na kwa fedha ya nani? Wasipokuwa na jibu, tuwasaidie kulitafuta kabla hawajapanda mche wa kwanza.