Kifua cha Jezi ni cha Nani?

Kila ligi ya mabweni inapokaribia, mjadala wetu ni mmoja: bukta. Ifike wapi, taiti ndefu chini yake inatosha au haitoshi, na yule beki wa kulia anayeikunja mpaka juu aambiwe na nani. Mjadala huu una haki yake. Wengi wetu huku Afrika Mashariki tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, na humo awra ya mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Lakini aliyesoma Fiqhi hata kidogo anajua kwamba suala la paja lina ikhtilafu ya zamani. Imamu Bukhari aliitaja riwaya ya Jarhad, aliyeambiwa afunike paja lake, pamoja na ile ya Anas ya siku ya Khaybar, ambamo paja la Mtume (S.A.W.) lilionekana. Akasema ya Anas ina isnadi yenye nguvu zaidi, na ya Jarhad ina tahadhari zaidi. Ibn Hazm hakuliona paja kuwa awra kabisa. Mimi nashika upande wa tahadhari na sioni uzito wake: bukta pana inayovuka goti ipo sokoni, na taiti inaruhusiwa na sheria za mpira mradi rangi yake ifanane na ya bukta na timu nzima ivae rangi moja.

Hilo la bukta tumelizungumza hadi limechakaa. Ambalo hatujalianza ni la nguo iliyo juu yake.

Muhula huu duka moja la kubeti limeiahidi timu ya bweni letu seti nzima ya jezi, soksi na mipira miwili. Bure. Sharti ni moja tu, jina la duka lichapishwe kifuani. Nahodha, kijana asiyekosa swafu ya kwanza, amelileta suala kwa wenzake, na jibu la wengi limekuwa: "Tuchukue. Sisi hatubeti, tunavaa tu."

Hiyo "tunavaa tu" ndiyo ninayotaka tuitazame, maana si hoja ya kijinga. Imesimama juu ya msingi tunaoufundishwa kuanzia madrasa, kwamba amali ni kwa nia. Mchezaji hana nia ya kamari. Hajaweka mkeka maishani mwake, zaidi ya ule wa kuswalia. (Inaniuma kwamba neno hili, ambalo wazee wetu walilitandika misikitini, leo kijana akilisikia anafikiria kwanza karatasi ya kubeti.) Sasa dhambi itamwingiaje kupitia kitambaa?

Jibu langu ni kwamba nia inaeleza wewe ni nani, haielezi tangazo linafanya nini. Kibao cha dukani hakimwambii msomaji kwamba aliyekipigilia misumari ni mtu mwema. Kinasomwa, basi. Mtoto anayekaa kando ya uwanja dakika tisini akitazama vifua kumi na kimoja vinavyokwenda na kurudi atalijua jina lile kwa moyo, na hana njia ya kuzijua nia zetu. Tena tujiulize kwa nini duka lilikuja kwetu. Wacheza kamari tayari linao, wamejaa mlangoni pake tangu asubuhi. Linachokosa ni heshima, na heshima iko kwa timu ambayo nahodha wake huadhini. Kwa hiyo ile sifa tunayoileta kama utetezi, kwamba sisi hatubeti, ndiyo hasa bidhaa inayonunuliwa kwa jezi na mipira miwili.

Katika Suratul Maida Allah (S.W.) ameitaja kamari pamoja na ulevi katika aya moja, ya 90, na katika sura hiyohiyo, aya ya pili, amekataza kusaidiana katika dhambi. Katika habari ya ulevi tunayo Hadithi inayowataja watu kumi waliolaaniwa, na miongoni mwao yumo anayeubeba, wala haikusemwa kwamba anaunywa. Najua mwenzangu wa Usuli atanisimamisha hapa: huyo anabeba kitu chenyewe, sisi tunabeba jina. Ni kweli, qiyasi hii ina mwendo mrefu kidogo. Lakini katika biashara ya kubeti hakuna gunia la kubebwa. Kuna jina, na simu mfukoni.

Ajabu ni kwamba wasiokuwa Waislamu wameliona jambo hili kwa upande wao. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza kubeti mtu aliye chini ya miaka 25, na hapo ndipo walipo karibu wachezaji wetu wote. Yaani mchezaji haruhusiwi kucheza ndani ya duka, ila anakaribishwa kulitembeza kifuani. Kule Uingereza, jezi za saizi za watoto zinazouzwa kwa mashabiki haziwekwi majina ya kampuni za kamari, na mwaka 2023 klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kuyaondoa majina hayo mbele ya jezi za mechi baada ya msimu wa 2025/26. Mikono ya jezi haikuguswa, kwa hiyo tusiwasifu kupita kiasi. Ila hakuna mtu aliyesema pale kwamba kitambaa ni kitambaa tu.

Wako waliokataa wakiwa na cha kupoteza. Frédéric Kanouté, akiwa Sevilla mwaka 2006, alikataa jezi yenye jina la kampuni ya kamari na akapewa isiyo na jina. Hashim Amla aliichezea Afrika Kusini kriketi bila nembo ya bia iliyokuwa kwenye jezi za wenzake. Sonny Bill Williams, mchezaji wa raga wa New Zealand, mwaka 2017 alibandika tepu juu ya nembo ya benki kwa sababu ya riba, na wakubwa wake wakamkubalia. Papiss Cissé naye alikataa jina la kampuni ya mikopo pale Newcastle mwaka 2013, kisha baadaye akaivaa jezi ile. Simtaji kwa kumcheka. Mtu mwenye mkataba na klabu nzima juu ya kichwa chake ana uzito wake wa kubeba. Sisi mkataba hatuna. Tuna hamu ya jezi mpya.

Limebaki la mitumba, na hapa nalegeza. Aliyenunua Owino jezi ya Liverpool yenye jina la bia, ambayo klabu yenyewe iliacha kuivaa mwaka 2010, hajampa mwenye kiwanda hata senti. Pengine ndiyo fulana yake safi kuliko zote. Huyo asisumbuliwe mlangoni pa msikiti na vijana wenye ndevu mpya. Aambiwe kwa upole tu kwamba fundi cherehani hushona kiraka kwa pesa ndogo. Kununua kilichopo kwa dhiki ni jambo moja, na kukaa kikao, kupima, kisha kukubali jina lichapishwe kwa ajili yetu ni jambo jingine.

Ila la Magharibi linatuhusu sote. Mechi ikiisha tunaingia kuswali na jezi zilezile, na aliye swafu ya nyuma anasoma jina na namba ya mchezaji mgongoni mwa mwenzake rakaa zote tatu. Mtume (S.A.W.) aliswali na shuka yenye mapambo, mapambo yakamshughulisha, akaamuru irudishwe kwa Abu Jahm na aletewe ile isiyo na mapambo. Yalikuwa mapambo tu, hayakutangaza chochote.

Kuhusu viatu sina mengi. Raba nyingine zina bitana ya ngozi ya nguruwe, ambayo kwa Mashafi haitahiriki hata ikidabaghiwa. Ukiona imeandikwa ndani ya kiatu, kiache. Pasipo maandishi asili ni tohara, wala hatukutakiwa kuzipeleka njumu maabara. Ninachokiogopa zaidi kwenye viatu ni yule anayenunua njumu za bei ya ada ya nusu muhula kisha akamtazama miguuni mwenzake mwenye zilizopasuka.

Turudi kwa nahodha. Duka linataka jibu Ijumaa. Nimezunguka mjini kuuliza bei: fulana kumi na sita za kijani zisizo na maandishi, namba zichapwe mgongoni na mpiga chapa wa karibu na stendi. Ni ghali kwa wanafunzi, sitadanganya. Soksi kila mtu atakuja na zake na hazitafanana, na tutapiga picha ya timu mbaya kuliko mabweni yote. Mipira tunayo mmoja, unavuja. Mchango wangu nimeshamkabidhi nahodha, na daftari la majina analo chumbani kwake.