Kujua Kuna Kasoro, Kumjua Mwenye Kasoro

Namba 147573952589676412927 ina tarakimu 21. Utaipata ukichukua 2 kwa kipeo cha 67 kisha ukatoa 1. Mwaka 1644 Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Alikosea. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kuwa si tasa, lakini hakutaja hata kigawo chake kimoja, kwa sababu hakukijua.

Nilipofundishwa jambo hili nilidhani mwalimu anatutania. Utajuaje kuwa namba inagawanyika bila kujua inagawanyika kwa ngapi? Chukua 15. Kila namba tasa inayozidi 2 ina tabia moja: punguza 1, fanya jibu kuwa kipeo cha 2, kisha gawanya kwa namba uliyoanza nayo, baki huwa 1. Kwa 7 tunapata 64, na baki ni 1. Kwa 15 tunapata 16384, na baki ni 4. Basi 15 si tasa, na hatujagusa 3 wala 5. Njia ya Lucas ilikuwa nyingine, ila ni ya ukoo huo.

Vigawo vilipatikana mwaka 1903. Frank Nelson Cole, mbele ya wanahisabati wenzake New York, alizidisha ubaoni 193707721 kwa 761838257287. Husimuliwa kwamba hakutamka neno, na kwamba kuvitafuta kulimla Jumapili za miaka mitatu.

Kwa miaka 27, basi, "si tasa" ilikuwa kweli kamili, si nusu ya kweli. Hata hivyo hakuna aliyekuwa na haki ya kunyooshea namba yoyote kidole akasema ni hii.

Muhula uliopita kikundi chetu cha akiba bwenini kilikuta sanduku limepungukiwa shilingi 140,000 kulingana na daftari. Tulihesabu mara tatu, wote tukiona. Kasoro ilikuwepo. Ndani ya saa moja tukamfukuza mweka hazina. "Kama si yeye, ni nani?" mmoja wetu aliuliza, na swali hilo likageuka ushahidi. Nami niliinua mkono.

Mtu atasema maisha si hesabu, hatuwezi kungoja miaka 27 na fedha ni za chakula. Ni kweli. Lakini tungeweza kubadili kufuli, kusimamisha michango, kuomba daftari likaguliwe. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji jina la mtu.

Sasa daftari ninalo mimi. Kila Jumapili ninajumlisha kurasa chache. Kwenye ukurasa wa nne kuna mchango wa shilingi 20,000 ulioandikwa mara mbili, siku ambayo mweka hazina alikuwa mgonjwa. Mwandiko ni wangu. Zile 120,000 nyingine bado sijaziona, lakini ukurasa huo nitampelekea kesho.