Inua Ubao Kwanza

Mjukuu wangu aliletewa kilori cha rimoti na shangazi yake anayeishi Minnesota. Kina magurudumu makubwa kama ngumi mbili, springi nne, na mbio za kuwatia kuku wetu wazimu. Yeye na wenzake wamechimba njia ya mashindano nyuma ya nyumba, hapa nje kidogo ya Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zinagawana. Njia ina kona saba kati ya migomba, na udongo wetu mwekundu ukianza kukauka baada ya mvua hushika tairi vizuri ajabu.

Kwenye kona ya tatu, kila mzunguko, kilori kilipinduka.

"Sokoro," yaani babu, "gari hili limerogwa," aliniambia akicheka. Mimi sikucheka.

Nimefundisha fizikia miaka 31. Nilistaafu na protrakta moja ya mbao, ile kubwa ya kuchorea ubaoni. Tulitafuta ubao, tukakisimamisha kilori juu yake kikiwa kimekingama, tukapigilia ufito kuzuia magurudumu yasiteleze, kisha tukauinua ubao upande mmoja, polepole. Kilipinduka kwenye digrii 45. Nikamweleza maana yake: kitovu cha uzito kiko juu sawa na nusu ya upana kati ya magurudumu. Gari la umbo hilo, likiingia kona kwa kasi kwenye ardhi inayoshika sana, hupinduka kabla ya kuteleza.

Tulifanya kazi Jumapili nzima, kwa kuwa Sabato tulikuwa kanisani. Tulitoa vipande vya plastiki vinavyobana springi, mwili ukashuka. Betri tukaihamishia chini kabisa. Magurudumu tukayasogeza nje kwa washa. Mwisho tukapaka gundi kali kwenye mbavu za nje za tairi za mbele, ili ikikauka zisishike sana, na hapo kijana akanipinga. Kwake, tairi likishika zaidi ndipo gari huwa salama. Nikamwonyesha kwa kiganja juu ya meza: tairi linalokataa kabisa kuteleza hulifanya gari zima liruke juu yake. Tulipoinua ubao tena, ulifika digrii 53. Kona ya tatu ikapitwa mara kumi, kilori kikiteleza kidogo na kuendelea.

Muda wote huo nilikuwa nikimwona mdogo wangu.

Alikuwa tandiboi wa lori la ndizi. Siku aliyokufa, mikungu ilipangwa ikapita mbao za ubavuni, na yeye akakaa juu yake, kama ilivyokuwa desturi. Lori lilipinduka kwenye kona ya mteremko. Kwenye matanga kulikuwa na majibu mawili. Jibu la mimbarini lilikuwa mapenzi ya Mungu. Jibu la usiku, lililonong'onwa karibu na moto, lilikuwa jina la mama mjane aliyeishi ng'ambo ya kijito. Wiki mbili baadaye nyumba yake ilichomwa. Alikimbilia kwao alikozaliwa na hakurudi tena.

Mimi nilikuwa mwalimu tayari. Hesabu ya kimo na upana niliifundisha darasani muhula huohuo. Wazee walinitazama kama msomi wa boma, nikainamisha kichwa. Sikusema neno juu ya mikungu ile.

Ndiyo maana majibu yale mawili, ingawa yanaonekana kupingana, mimi nayaona ndugu. Yote mawili yalitolewa kabla mtu yeyote hajaenda kulitazama lori. La kwanza lilimwachilia aliyepakia mzigo, tena kwa jina la Mungu. La pili lilimkamata ambaye hakugusa hata mkungu mmoja. Nasi hatujapona: Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne waliuawa na kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi.

Lakini nisiwadharau wanaouliza kwa nini. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyekaa na Waazande wa eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, aliandika mwaka 1937 kuhusu ghala linalowaangukia watu waliojipumzisha kivulini mwake. Waazande walijua vema kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Protrakta yangu haina jibu la swali hilo. Inaweza kunieleza kwa nini lori lilipinduka. Haiwezi kunieleza kwa nini mdogo wangu alipanda siku ile, wakati mwenzake alibaki nyumbani na homa.

Luka, sura ya 13, anataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Yesu hasemi kwa nini wao. Anakataa tu kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, kisha anawageuzia wasikilizaji wake neno la toba. Nimeisoma sura hiyo kanisani mara nyingi, nikidhani amelikwepa swali. Sasa naona aliliacha wazi kwa makusudi. Swali la "kwa nini yeye" linaweza kubebwa maisha yote bila jibu, mradi lisitupwe mlangoni kwa jirani. Na toba, kwangu mimi, ina sura ya mama mjane wa ng'ambo ya kijito.

Jioni ile, jua likizama nyuma ya migomba, kilori kilipinduka tena, safari hii kwenye kona ya tano, ambako hakikuwahi kuanguka. Tulikagua tairi, betri, washa. Hatukuona kitu. Wenzake walinyamaza, kijana akanitazama usoni.

"Sijui," nikamwambia.

Alisimama kidogo, akifuta udongo kwenye gurudumu kwa kidole gumba. Kisha akaenda kuleta ubao.