Nyumba Si Dala

Baba yangu mdogo ana ploti ya futi 50 kwa 100 mjini Migori, kando ya barabara ya A1, ile inayoshuka kutoka Rongo na Awendo hadi mpakani Isebania. Aliniita nimchoree ramani ya fleti: chini maduka, juu orofa nne za singo. Nilipomwonyesha mchoro, hakuuliza kuhusu veranda nilizoweka upande wa barabara kuzuia jua la alasiri na vumbi la matrela. Kidole chake kilitua kwenye ua niliouacha katikati ili vyumba vya ndani vipate mwanga na hewa.

"Hapa umeniibia vyumba vingapi?"

"Vinne kila orofa, Baba. Jumla 16."

Akapiga hesabu. Kodi ya shilingi 4,000 mara 16 ni 64,000 kila mwezi. Akanitazama kwa huruma. "Nyathina, hii ni nyumba ya kupanga, si dala. Hakuna atakayezikwa hapa."

Kwa sisi Wajaluo, hiyo si hoja ya mzaha. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, walikoishi. Ukoo wa Umira Kager ukapinga: kule alikuwa na nyumba tu, dala yake ni Nyalgunga, Siaya. Kesi ilivuta miezi hadi Mei 1987, akazikwa Nyalgunga.

Tofauti hiyo naiheshimu. Shida ni kwamba tumeigeuza kisingizio. Kama nyumba ya mjini si nyumbani, basi chochote chenye mlango kinatosha.

Niliwahi kupanga chumba Homa Bay, si mbali na ziwa. Dirisha langu lilitazama ukuta wa jirani. Ningenyoosha mkono ningeugusa. Nje mwanga umejaa hadi unaumiza macho, na mimi ndani nawasha taa saa sita mchana nione kama dagaa wameiva. Nilikaa humo miaka mitatu. Sikuzikwa pale, kweli. Lakini ni pale nilipougua malaria peke yangu, na ni pale nilipopokea simu ya msiba wa mama. Dala itanipokea siku ambayo sitahitaji dirisha tena.

Nilimweleza haya. Akanijibu kwa swali lililonikaba: "Na hao 16 wasiopata chumba watalala wapi? Kwenye ua wako?"

Hapo nilinyamaza. Ni kweli, mtu wa bodaboda atachukua chumba cha giza kuliko kukosa kabisa. Lakini kukubali kwake hakuonyeshi kwamba giza linamtosha. Kunaonyesha tu kwamba hana pengine pa kwenda. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu ya kupata makazi yanayofaa. Haimtoi mpangaji kwa sababu ana shamba kwao.

Mwishowe tukakutana katikati. Ua ukapungua, vikapotea vyumba 8 badala ya 16. Nikafurahi, mpaka aliposema ataongeza kodi kwa shilingi 500. Nikahesabu: vyumba 56 mara 500 ni 28,000. Hasara yake ni 32,000. Kumbe karibu mwanga wote niliojisifia utalipwa na wapangaji, na yule asiyeweza hizo 500 atarudi kwenye chumba kama changu cha Homa Bay.

Ni rahisi kuwa mkarimu kwa ploti ya mwingine. Nikamwambia akate nusu ya malipo yangu, asiongeze kodi mwaka wa kwanza. Akacheka sana. Hiyo nusu, alisema, haifiki hata hasara ya miezi miwili.

Hajaniambia ndiyo wala hapana. Ila jana usiku alinipigia simu. Alikuwa ameikunjua tena ile ramani.

"Huo ua," akasema, "wataanika nguo upande gani?"