Tafuteni Kwanza Katika Maktaba Zenu

Wanangu mnaosomea uzamili na uzamivu, nimesimamia tasnifu kwa miaka mingi, na hakuna kinachonisikitisha kama mwanafunzi aliyesoma sana, akahifadhi kila alichosoma, kisha akashindwa kukipata siku anapokihitaji. Ukimwuliza hoja hii kaitoa wapi, anajibu, "Niliiona mahali, Mwalimu." Anarudi kwenye intaneti kuitafuta upya, na wiki inakwisha, kumbe makala yenyewe imo ndani ya kompyuta yake.

Wengi wenu mnatumia Zotero, na mmechagua vizuri. Ni programu ya bure ya kuhifadhi na kupanga marejeleo. Ilitoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mikononi mwa wanahistoria, watu ambao kazi yao haiendi bila nyaraka. Wengine mnatumia Mendeley au EndNote. Nitatoa mifano ya Zotero kwa sababu ndiyo ninayoitumia kila siku, lakini shida ninayoizungumzia iko kote.

Shida ni kwamba programu haijui maana. Inajua herufi. Mwanafunzi wa fasihi ya kale anaandika "Swahili" kwenye kisanduku cha kutafutia, akitaka vichwa vya vitabu. Kinajitokeza Swahili Tales cha Edward Steere, cha 1870, na Swahili Poetry cha Lyndon Harries, cha 1962. Lakini Desturi za Wasuaheli cha Carl Velten, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903, hakionekani, wala mkusanyiko wa maandishi alioutoa Büttner mwaka 1894, kwa kuwa Wajerumani waliandika "Suaheli". Mwanafunzi anadhani hana vitabu hivyo, na sura yake ya pili inapita bila Velten. Mtahini ataliona pengo hilo, na hatajali kwamba chanzo chake ni herufi mbili.

Utenzi wa Al-Inkishafi nao ni hivyohivyo. Mmoja anaweka kistari, mwingine haweki, wa tatu anaandika Inkishafi peke yake. Ukitafuta "nkishafi" unawapata wote. Lakini hata hapo utakikosa Tenzi Tatu za Kale cha Mulokozi, cha 1999, ambacho kina utenzi huo ndani ila kichwa chake hakiutaji.

Kisha kumbukeni lugha yetu wenyewe. Wingi wa Kiswahili unakaa mwanzoni mwa neno. Ukiandika "kitendawili", makala yenye "vitendawili" katika kichwa itakupita. Andika "tendawili" upate zote mbili. Mwandishi, waandishi, uandishi: tafuta "andishi". Itakuletea na "maandishi", lakini kuchambua vilivyozidi ni kazi ndogo kuliko kuhangaikia kilichokosekana.

Kutafuta vizuri, basi, kunaanza siku unapoingiza chapisho. Kila unachokihifadhi kipe lebo, na lebo ziwe chache, zenye tahajia moja. Kama umechagua "utenzi", usije kesho ukaweka "tenzi" na keshokutwa "utendi". Velten na Steere wakipata lebo moja, watakuja pamoja siku zote, kila mmoja na tahajia yake. Zaidi ya lebo, fungua dokezo uandike sentensi mbili au tatu kwa Kiswahili chako: mwandishi anasema nini, na wewe umekiweka kwa sababu gani. Hili nalisisitiza kuliko yote. Baada ya mwaka mmoja utakuwa umesahau kichwa cha makala, hata jina la mwandishi, lakini wazo lililokugusa utalikumbuka kwa maneno yako. Hayo ndiyo utakayoyaandika kwenye kisanduku, nayo yatakuwa yanakusubiri.

Kwenye kisanduku hicho pana namna tatu za kutafuta. Ya kwanza inaangalia hasa kichwa, mwandishi na mwaka. Ya pili inaangalia sehemu zote na lebo. Ya tatu inaangalia kila kitu, hadi maandishi yaliyomo ndani ya mafaili ya PDF. Ukitaka maneno yafuatane kama yalivyo, yafunge kwa alama za kunukuu.

Msiitegemee mno hiyo ya tatu, kwa sababu mbili. Zotero isipobadilishwa inasoma kurasa 100 tu za kila PDF. Tasnifu yenye kurasa 350, neno lililo ukurasa wa 240 halitaonekana; ingieni kwenye mipangilio mwongeze kiwango hicho. Na zile kurasa mnazopiga picha kwa simu maktabani, kwa programu ni picha tu, hazina neno hata moja. Zipitisheni kwanza katika programu ya kutambua maandishi. Tesseract ni ya bure, na Kiswahili inakisoma.

Majina nayo yana hila yake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikiingizwa kama mtu, programu itaigawa jina na ukoo, na katika marejeleo itatoka kama bwana mmoja wa ukoo wa Kiswahili. Iwekeni katika sehemu moja isiyogawanyika. Kuhusu Shaaban Robert, amueni ataingia kwa jina gani, kisha msigeuke. Mwaka nao msiuache wazi: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 na ile ya 2004 ni matoleo mawili, na msomaji ana haki ya kujua ulifungua lipi.

Mkikuta chapisho moja limeingia mara mbili, yaunganisheni. Msifute moja kwa haraka, kwani huenda hilo mnalolifuta ndilo lenye dokezo lenu, au ndilo lililokwisha kutajwa ndani ya sura mliyoiandika.

Leo kabla hamjalala, kila mmoja afungue maktaba yake, achague machapisho anayoyataja katika sura ya kwanza, ajaze miaka na majina yaliyopungua, na aandike dokezo chini ya kila moja. Mkija ofisini wiki ijayo, njooni na kompyuta. Nitataja wazo moja, nanyi mtanitafutia mbele yangu.